Kisanduku cha Nyinginezo

Jumamosi ile Mama Mdogo hakumkaribisha kiti. Aliitikia shikamoo kama anayemjibu mpita njia, kisha akaendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani, mguu ukikanyaga pedali kana kwamba chumbani hamna mtu.

Aliyesimama mlangoni na mfuko wa matunda alikuwa binti wa marehemu dada yake. Mama Mdogo alimlea tangu ana miaka minne, akamsomesha kwa cherehani hiyohiyo, na hadi leo yule binti, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, hakujua mama mwingine. Kazini walimwita Bi Lebo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya fomu za mtandaoni: maswali, maelezo, na vile vichwa vidogo vinavyokaa juu ya kila kisanduku kumwambia mtu ajaze nini.

"Kuna nini, Mama?"

Mama Mdogo akamsukumia simu juu ya meza bila kuinua macho. Kulikuwa na ujumbe. *Ombi lako halikukidhi vigezo. Kundi: Nyinginezo. Uamuzi huu ni wa mwisho isipokuwa kwa rufaa.*

"Ulikaa hapohapo," Mama Mdogo alisema, "ukaniambia fomu hii umeiandika wewe, na kwamba hata asiyeona ataijaza. Nikatembea nyumba kwa nyumba. Nikawaambia watu wasiwafuate wale vijana wenye kompyuta barabarani wanaojaza fomu kwa malipo, fomu ni ya mtoto wangu, ni nyepesi. Wamejaza wenyewe. Sasa hapa mtaani wajane wote tumekatwa. Wote. Na wananitazama mimi."

Mtaa wao ulikuwa bondeni, kando ya mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Mtaro ulikuwa unapanuliwa, na nyumba elfu moja na mia tisa zingevunjwa. Mamlaka ya makazi, ambako Bi Lebo alifanya kazi, ilikuwa imejenga maghorofa upande wa pili wa barabara kuu kwa ajili ya watakaohamishwa. Aliyetaka nyumba alipaswa kujaza ombi kwenye tovuti. Mama Mdogo alikuwa ameishi bondeni miaka thelathini na moja, kwenye vyumba viwili alivyojenga marehemu mumewe, na hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu.

"Kwenye swali la kwanza ulichagua nini?" Bi Lebo aliuliza.

"Swali lipi? Hapakuwa na swali. Palikuwa na neno Kundi."

Bi Lebo alidhani hakusikia vizuri. Akaifungua ile tovuti kwenye simu yake mwenyewe, bado amesimama. Juu ya menyu ya kwanza paliandikwa *Kundi*. Ndani yake mna *Chagua*, na ukibonyeza zinashuka *Msingi*, *Tegemezi* na *Nyinginezo*. Chini yake menyu ya pili, *Kundi dogo*, nayo *Chagua*. Chini yake ya tatu, *Ainisho*, nayo *Chagua*.

Hakuna hata neno moja lililokuwa lake.

"Nikajiuliza, mimi ni msingi wa nini?" Mama Mdogo aliendelea. "Tegemezi siyo, maana tangu mume wangu afe sijamtegemea mtu, labda huyu cherehani. Nikabaki na Nyinginezo. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

Bi Lebo aliweka matunda sakafuni. Alitaka kusema, si mimi niliyeandika haya, lakini aliona jinsi maneno hayo yangesikika: kama mtoto aliyevunja sahani anayemsingizia paka. Akasema tu, "Mama, nipe hadi Jumatatu."

"Mimi sina pa kwenda," alisema Mama Mdogo. "Nitakuwepo."

---

Fomu ile Bi Lebo aliihangaikia miezi minne. Alianza kwa kukataa neno Chagua. "Chagua si lebo, ni amri," aliwaambia kwenye kikao, watu wakacheka, naye hakuwa anatania. Mtu akiiona menyu imefungwa hajui ndani mna nini. Kichwa chake ndicho kinachomwambia, na menyu zikiwa tatu, moja inazaa nyingine, kila moja inahitaji swali lake, swali linalokumbuka alichojibu mtu hapo juu.

Alichukua vipande vya karatasi akaenda navyo kwenye kituo cha afya, sokoni, na kwenye foleni ya maji, akawakalisha watu kumi na tisa mmoja mmoja. Alibadilisha maneno kila walipokwama. Mwishoni menyu ya kwanza ilikuwa inauliza, *Unakaaje katika nyumba hii?* Majibu yalikuwa manne, mojawapo *Mwenye nyumba alifariki, mimi ni wa familia yake*. Ukichagua hilo, ya pili ilifunguka na kusema, *Umesema mwenye nyumba alifariki. Wewe ni nani kwake?* Kisha mke, mume, mtoto, mzazi, ndugu. Ya tatu ikauliza, *Una karatasi gani ya kuonyesha hivyo?*

Mtu wa ishirini kuijaribu alikuwa opereta wa simu wa pale ofisini, bwana asiyeona, ambaye simu yake ilimsomea kila kitu kwa sauti. Alikwishaziona, kwa namna yake ya kuona, fomu nyingi mbovu. "Nyingine zinanipigia kelele kama mchuuzi stendi," alisema. "Chagua, chagua, chagua, na hazisemi zinauza nini. Hii yako inazungumza na mimi."

Aliyegeuza maneno hayo kuwa fomu inayofanya kazi alikuwa mwandishi wa programu wa kitengo chao, mwanamke rika lake. Waliajiriwa wiki moja, meza zikatazamana, na kwa miaka kumi na moja waliitana Somo. Walikuwa chanda na pete. Somo ndiye aliyesimamia harusi ya Bi Lebo, na ndoa ilipovunjika, Somo huyohuyo alikuja na gari la kukodi kuhamisha vyombo. Kila mmoja alijua mwenzake anakunywa dawa gani na anamwogopa nani.

Wiki moja kabla fomu haijafunguliwa, tumbo lilimkata Bi Lebo akiwa kazini. Ilikuwa kidole tumbo, nacho kilikuwa karibu kupasuka. Alikaa wodini siku tisa. Alipokuwa anapandishwa kwenye machela alimpa Somo nywila yake, maana maneno ya fomu hayakuweza kwenda hewani bila idhini kutoka kwenye akaunti yake. "Bonyeza tu Idhinisha," alimwambia. "Kila kitu kiko tayari."

Aliporudi nyumbani fomu ilikuwa imekwishafunguliwa. Daktari alimpa mapumziko ya mwezi mzima, naye hakuifungua. Kwa nini aifungue? Mtu hachungulii chungu alichokiacha na dada yake.

---

Jumatatu aliwahi kufika kabla ya watu. Kitu cha kwanza alichokifungua ni kumbukumbu ya mabadiliko, ukurasa ambao mfumo wenyewe unaandika nani alibadilisha nini na lini. Pale palikuwa na jina lake. Maneno yake yote yamefutwa kwa jina lake, mapya yameingizwa kwa jina lake, yameidhinishwa kwa jina lake. Alhamisi, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Aliikumbuka Alhamisi ile. Ilikuwa siku ya pili baada ya upasuaji. Somo alikuja saa kumi na chupa ya chai, akamkuta nywele zimevurugika, akapanda nyuma yake kitandani akamsuka mistari minne, taratibu, asimtikise mshono. Bi Lebo alimuuliza habari za fomu. "Iko sawa," Somo alimjibu, akimpapasa kisogo. "Wewe pona kwanza."

Panya huuma huku akipuliza. Alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, akidhani ni wa watu wengine.

Hata hivyo alijilazimisha kutafuta sababu. Labda Somo alikosea akapakia toleo la zamani. Labda mtu mwingine aliipata nywila. Akashuka hadi chumba cha simu, ambako opereta alikuwa ndiyo kwanza anavaa visikizio vyake.

"Nimekujua kwa viatu," alisema opereta. "Sikutaka kukusumbua ukiwa mgonjwa. Lakini kwa nini uliibadilisha fomu?"

"Nani alikuambia nimeibadilisha?"

Opereta akavua visikizio. "Ilipofunguliwa niliijaribu siku hiyohiyo. Nikasikia kundi, chagua, kundi dogo, chagua. Nikapanda juu kwa mwenzako. Nikamwambia, dada, wamewawekea takataka, zile lebo zimepotea. Akaniambia hapana, mwenyewe ndiye aliyeamua, akiwa hospitali alituma ujumbe. Alisema umeona maneno yalikuwa ya kitoto."

"Ya kitoto?"

"Ndivyo alivyosema. Nilishangaa, lakini nikajiambia, mwenye kazi ni yeye."

Bi Lebo alishika kingo za meza. Kidonda kilikuwa kimekwishafunga, lakini alihisi kama mtu amekivuta uzi.

---

Bi Lebo alimkuta Somo kwenye chumba cha chai, anasuuza kikombe. Somo alimwona usoni akajua. Hakujifanya, hilo angalau hakulifanya.

"Funga mlango," Somo alisema.

"Uache wazi."

Somo akafunga bomba. Alieleza kwa sauti ya chini, ya haraka, kama mtu aliyekwishajisomea maneno hayo mara nyingi mbele ya kioo. Nyumba zilizojengwa zilikuwa mia sita tu. Mkuu wa kitengo alipoona majaribio ya fomu aliketi akapiga hesabu: kwa maneno yale, watu elfu moja na mia nne wangetambulika kuwa wanastahili. Wangekuja na majibu ya tovuti mkononi, kila mmoja na haki yake imeandikwa, na wakubwa wangeulizwa nyumba mia nane nyingine ziko wapi. Mkuu hakutaka kumkataa mtu kwa mdomo wake. Alitaka watu wajikatae wenyewe.

"Maneno yako yalikuwa wazi mno," Somo alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Si kwamba ni mabaya. Ni wazi mno."

"Wajane uliwaweka wapi?"

Somo alikiweka kikombe chini. "Wako kwenye Msingi. Halafu Uhawilishi. Halafu menyu ya tatu, Mfiwa."

"Uhawilishi. Yaani kuhamisha umiliki. Mama Mdogo ni fundi wa kushona. Amewahi kukushonea gauni. Ulitarajia abonyeze Uhawilishi?"

"Sikujua kama na yeye..."

"Ulijua anaishi bondeni. Umekula kwake sikukuu zote."

Somo akainamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo Bi Lebo alilisikia kila alipofumba macho kwa wiki nyingi: "Mkuu alisema uongozi wa kitengo ukigawanywa nitapewa upande wa programu. Nina miaka kumi na moja kwenye kiti kilekile. Na nilijua ukiwepo utakataa. Ulipougua, nikaona kama mlango umefunguka wenyewe."

"Ukafungua kwa ufunguo wangu."

"Yeye ndiye aliyetaka iwe kwa jina lako. Alisema anayeidhinisha maneno ni wewe."

"Na wewe ukamwambia opereta kuwa mimi niliyaita ya kitoto. Hilo nalo alilitaka yeye?"

Mtu mmoja aliingia kujichotea maji ya moto, akaona nyuso mbili zile, akatoka na kikombe kitupu.

"Ungeniambia," Bi Lebo alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ningekukatalia, tungegombana, tungenuniana mwezi. Tungepatana."

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema Somo.

---

Mkuu wa kitengo alimpokea kwa tabasamu na kumvika kilemba cha ukoka: mfanyakazi hodari, kalamu ya kitengo, tulikukosa. Alipoonyeshwa kumbukumbu ya mabadiliko akavaa miwani, akaisoma kwa utulivu.

"Mimi hapa naona jina lako," alisema. "Kama ulimpa mtu nywila yako, hilo ni kosa la nidhamu, na ni lako. Nakushauri kama kaka. Fomu imekwishafungwa. Usikaange mbuyu ukawaachia wenye meno."

Bi Lebo alitoka bila kuaga. Kwa siku mbili alifikiria kunyamaza. Hakuwa shujaa, alikuwa na kodi ya nyumba na mshono wa juzi. Lakini kila alipoikumbuka sura ya Mama Mdogo ikiinamia cherehani, aliona kwamba akinyamaza, uongo wa Somo utakuwa ukweli. Jina lake ndilo lililowakata wajane wa bondeni, na ukimya wake ungekuwa sahihi ya pili.

Siku ya tatu aliandika barua kwa kamati ya rufaa. Aliandika kila kitu, na aya ya kwanza ilikuwa kosa lake mwenyewe: nilitoa nywila yangu. Akaambatisha vile vipande vya karatasi vya watu kumi na tisa, vyenye alama za penseli na madoa ya vidole.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wake mwanasheria mstaafu mwenye sauti ya kukatiza. Walikaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Mkuu wa kitengo alikuja na mafaili. Somo alikuja akakaa karibu na mlango. Mama Mdogo naye alikuja, na wanawake saba wa bondeni, wakajipanga ukutani kimya.

"Fomu ilikuwa na lugha rasmi," mkuu wa kitengo alieleza. "Lugha rasmi haina kosa. Mtu asiyeelewa alipaswa kuuliza."

Bi Lebo hakubishana naye. Alimwomba mwenyekiti ajaze fomu yeye mwenyewe, kwenye nakala ya majaribio. "Wewe ni mwanamke uliyefiwa," alimwambia. "Nyumba ni ya marehemu mumeo. Unaishi humo."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akasogeza kompyuta. Akafungua Kundi. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena. Msingi aliiruka. Alichagua Tegemezi. Menyu ya pili ikampa maneno mawili asiyoyataka. Akarudi, akachagua Nyinginezo, akabonyeza Tuma. Ukumbi wote ulimwona akiisoma ile sentensi iliyokwenda kwa wajane: *Ombi lako halikukidhi vigezo.*

"Mimi nimesomea sheria," alisema, kama anayelalamika kwa mtu asiyekuwepo.

Halafu opereta wa simu alisimama, akaongozwa hadi mezani, akaiweka simu yake kwenye kipaza sauti na kuichezesha fomu ile mara mbili. Kwanza ya sasa. Ile sauti kavu ikajaza ukumbi: *Kundi. Chagua. Kundi dogo. Chagua. Ainisho. Chagua.* Kisha ya Bi Lebo. *Unakaaje katika nyumba hii?* Mmoja wa wale wanawake ukutani, bila kujua kwamba anasema kwa sauti, akajibu: "Kwa marehemu mume wangu."

Mwenyekiti akamgeukia Somo. "Wewe ndiye uliyebadilisha?"

Kila mtu alimtazama. Bi Lebo alitazama meza. Hata wakati ule, na hili lilimwumiza kuliko mengine, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inamwombea.

"Niliagizwa," Somo alisema. "Lakini vidole vilikuwa vyangu."

---

Matokeo hayakuwa ya ngoma na vigelegele. Kamati iliamuru maombi mia saba na kumi na mawili yaliyoangukia Nyinginezo yafunguliwe upya kwa siku kumi na nne, kwa lebo za awali. Nyumba hazikuongezeka, zilibaki mia sita, na baadhi ya waliokwisha kupewa walirudishwa nyuma kwenye foleni, nao wakamlaani Bi Lebo kwa jina. Mkuu wa kitengo alihamishiwa idara nyingine, kwa cheo kilekile na ofisi yenye dirisha kubwa zaidi. Somo alipewa onyo la maandishi. Bi Lebo naye alipewa onyo, kwa ajili ya nywila, na mamlaka ya kuidhinisha maneno yakaondolewa kwake kwa mwaka mmoja. Alisaini bila kubisha.

Somo alimfuata nyumbani Jumapili moja mchana. Bi Lebo alimfungulia, akampa kiti na glasi ya maji. Hakuwa mtu wa kumfukuza mgeni.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Somo. "Sina kisingizio."

"Nimesikia."

"Hutanisamehe?"

Bi Lebo alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu swali lilistahili hivyo. "Ungeniibia, ningekusamehe. Ungenisema vibaya, ningekusamehe. Lakini ulinisuka nywele siku ileile. Kila nikijaribu kukukumbuka vizuri, naikuta mikono yako kichwani mwangu. Umenichukulia hata yale mazuri ya nyuma. Sijui nikusamehe nini kwanza."

Somo alilia. Bi Lebo alikaa naye mpaka akanyamaza, akamsindikiza hadi ngazini, na hakumwambia karibu tena.

Mama Mdogo alipata nyumba mwezi uliofuata, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza. Siku ya kuhama Bi Lebo alibeba vitambaa na masufuria kupanda na kushuka mpaka miguu ikamtetemeka, na Mama Mdogo alimpa maji ya kunywa, akamfuta jasho kwa upindo wa khanga yake, akamwita mwanangu kama zamani. Walicheka na jirani mpya aliyejifungia nje ya mlango wake. Jioni ilipoingia ofisa wa jengo alileta fomu ya umeme, karatasi mbili za kujaza.

"Nipe nikusaidie," Bi Lebo alisema, akinyoosha mkono.

Mama Mdogo alizikunja zile karatasi polepole, akazitia kwenye mfuko wa gauni.

"Usijali, mwanangu. Kesho nitampa jirani anisomee kwanza," alisema, akamkaribisha chai.